Uvimbe wa shingoni kwa mtoto wa miaka 5: kitu cha kuzaliwa nacho kinaweza kujificha muda wote huo?

#1 MamaWaKirumba

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Mwanangu wa kiume ana miaka 5 na miezi 4. Mwezi Machi, baada ya mafua yaliyomlaza kama wiki moja, nilikuwa namwogesha jioni nikakuta kitu laini shingoni upande wa kushoto, chini kabisa, karibu kugusa mtulinga. Wakati huo kilikuwa kama punje ya karanga. Sasa kimefika ukubwa wa ndimu. Hakimuumi, hana homa, anakula na kucheza kama wenzake. Akilia au akipuliza puto kinatuna, akitulia kinapungua kidogo ingawa hakiishi.

Ultrasaundi imesema ni kifuko chenye majimaji, kuta zake nyembamba, ndani kina vyumba viwili, na upande wa chini kinaelekea nyuma ya mtulinga ambako mpimaji hakuweza kukifuata. Daktari wa kwanza alisema ni uvimbe wa kuzaliwa nao, mtoto alikuwa nao tangu tumboni. Nilipofikisha jibu hilo nyumbani, mama mkwe aliniuliza swali lililonishinda: yeye ndiye aliyemwogesha mtoto huyu siku arobaini za kwanza, alimpaka mafuta na kumkanda shingo kila asubuhi, sasa kitu hicho kilikuwa wapi? Akaongeza kwamba kama kweli kimetoka tumboni, basi ni ule udongo wa pemba niliokuwa nikitafuna wakati wa ujauzito.

Daktari wa pili tuliyemwona ametaja jina jingine kabisa la ugonjwa. Majina yote mawili nimeyaweka pembeni kwanza ili nisiwaelekeze. Naomba mawazo yenu.

#2 JiweLaKamanga

Pole, mama. Hizo ni tezi, na kwa niliyoyaona mimi, tezi za shingoni kwa mtoto wa huku kwetu ni kifua kikuu mpaka ithibitike vinginevyo. Mdogo wangu alianza hivyo hivyo, uvimbe usiouma, tukazunguka nao miezi minane tukipewa vidonge vya kila rangi, hadi ulipopasuka wenyewe na kutoa usaha mzito kama mtindi uliokatika. Akatumia dawa za miezi 6, akapona, ila kovu analo mpaka leo. Kampimeni TB kwanza, mengine yafuate.

#3 MuuguziMstaafu

Mama, swali la mkweo ni zuri kuliko linavyoonekana, na hata wauguzi wapya walikuwa wakiniuliza hilo hilo wodini.

Mtoto anachozaliwa nacho si lazima kiwe uvimbe. Mara nyingi ni kijinjia kidogo au kifuko kilichosinyaa, mfano wa puto ambalo halijapulizwa. Shingo ya mtoto tumboni hujengwa kati ya wiki ya 4 na ya 8 kutokana na matao yanayopangana kama mbavu za mtumbwi, na nafasi zilizo kati ya matao hayo zinatakiwa zizibe na kutoweka. Isipoziba moja, ngozi yake ya ndani hubaki humo ikitoa ute kidogo kidogo. Mtoto anaweza kukaa nayo miaka 5, miaka 10, hata akawa mtu mzima, mpaka siku anapopata mafua au maambukizi ya koo, kile kifuko kikajaa ghafla na watu wakasema kimeanza leo.

Kuhusu pemba, wiki ya 4 wanawake wengi hata hawajajijua kuwa ni wajawazito. Udongo una madhara yake, lakini hili tusiubambikie.

#4 SangaraWaMwaloni

Mimi si mtaalamu, ila hilo ni rovu. Bibi yangu alikuwa nalo kubwa kiasi kwamba tukiwa watoto tulidhani ameficha embe. Wakati ule watu walikula chumvi ya mawe isiyo na madini joto. Mama wa Kirumba, nyumbani kwako mnatumia chumvi gani?

#5 MwalimuWaMagu

Ndugu Sangara, rovu ni tezi ya shingo iliyovimba, nayo hukaa mbele, katikati, chini ya kongomeo, na haiwi kifuko kitupu cha maji kwa mtoto wa miaka 5. Hata hivyo umenikumbusha jambo linalokaribiana na hilo.

Tezi hiyo haianzii pale inapokaa. Huanzia kwenye shina la ulimi, ikateremka shingoni kupitia karibu na kijifupa chenye umbo la kiatu cha farasi kilicho juu ya kongomeo, ikaweka makazi yake kama wiki ya 7. Njia iliyopitia inatakiwa kufutika ifikapo wiki ya 10 hivi. Isipofutika, hubaki mfereji unaoweza kujaa ute na kuwa uvimbe. Huo ndio uvimbe wa kuzaliwa nao unaoonekana zaidi shingoni mwa watoto, kiasi cha asilimia 70 ya wote. Dalili yake ni moja nzuri sana: mwambie mtoto atoe ulimi nje, na uvimbe utapanda juu, kwa kuwa umefungwa na shina la ulimi.

Binti wa dada yangu alikuwa nao. Mara ya kwanza walitoa kile kifuko peke yake, na baada ya miezi kumi kikarudi pale pale. Daktari aliyemfanyia mara ya pili alituchorea kwenye karatasi ya risiti kwamba ni lazima kukata na sehemu ya katikati ya kile kijifupa pamoja na njia yote hadi kwenye ulimi. Upasuaji huo unaitwa kwa jina la Walter Sistrunk wa Mayo Clinic, Marekani, aliyeuandika mwaka 1920. Kabla yake, uvimbe ulirudi kwa karibu nusu ya wagonjwa. Kwa njia yake wanaorudiwa hawafiki mmoja kati ya kumi. Mtoto wetu hakupungukiwa sauti wala kumeza.

Mama wa Kirumba, jaribu hilo la ulimi utuambie.

#6 MuuguziMstaafu

Mwalimu ameeleza vizuri, naongeza mawili. Kwanza, mtoa mada amesema upande wa kushoto, karibu na mtulinga. Uvimbe wa njia ya tezi hukaa katikati au umbali mdogo sana kutoka katikati. Haushuki hadi huko. Pili, yeyote mwenye mtoto wa aina ya yule wa dada yake Mwalimu ahakikishe kwamba ultrasaundi imeiona tezi yenyewe mahali pake kabla ya kisu. Wapo watoto ambao tezi yao haikuteremka, na kile kinachodhaniwa kuwa uvimbe ndiyo tezi pekee waliyo nayo. Ukiitoa, umempa mtoto vidonge vya maisha.

#7 MamaWaKirumba

Nashukuru. Nimemwambia mtoto atoe ulimi nje mara kumi mbele ya kioo mpaka dada yake akaanza kumuiga, uvimbe haukupanda. Akimeza pia haupandi.

Jana usiku umeme ulikatika, nikapata wazo la kuuwekea tochi ya simu. Nilimlaza kwa ubavu, nikabana tochi kwenye uvimbe kwa upande wa nyuma. Uling'aa wote mwekundu, kama taa za wavuvi wa dagaa ukiziona kwa mbali kutoka ufukweni, na katikati kukawa na mstari mweusi mwembamba, nadhani ndio ukuta wa vile vyumba viwili. Mwenyewe alifurahi akataka tumulike na tumbo.

Je, hilo lina maana yoyote?

#8 NahodhaWaNansio

Lina maana sana kwangu, maana binti yangu alimulikwa hivyo hivyo na daktari kwenye chumba kilichozimwa taa.

Sisi tuko Ukerewe. Alizaliwa na uvimbe nyuma ya shingo upande wa kushoto, laini kama mfuko wa maji, na kufikia mwaka mmoja ulikuwa umevuka sikio. Tuliambiwa ni mishipa ya limfu, yaani ile inayokusanya majimaji ya mwili na kuyarudisha kwenye damu, ambayo haikuungana na mishipa ya damu inavyotakiwa, ikabaki imetuna na kujaa majimaji ya limfu. Si saratani na haiambukizi. Nusu ya watoto wa namna hii huonekana siku ya kuzaliwa, na walio wengi sana kabla ya kutimiza miaka 2. Hatari yake ni pale unapobana njia ya hewa, au unapovuja damu kwa ndani na kuvimba ghafla.

Kabla ya hapo nilipotea njia. Mzee mmoja wa kijijini alinishauri kwamba kitu cha maji hutobolewa, akautoboa kwa sindano, yakatoka maji ya rangi ya chai kiasi cha kikombe, shingo ikabaki bapa, tukashangilia. Siku ya nne ulirudi ukiwa mwekundu, wa moto, mtoto akihema kwa shida. Tulivuka na kivuko cha asubuhi na mapema, mke wangu amemshika mtoto wima njia nzima kwa sababu akilazwa alikuwa anakoroma. Sitasahau.

Hakupasuliwa. Baada ya maambukizi kutulia, walinyonya maji na kuingiza dawa iitwayo bleomaisini, ambayo kwa kawaida ni ya saratani lakini humo ndani hufanya kuta za kifuko zigandane. Alidungwa mara nne kwa kupishana wiki kadhaa, na walikuwa wakihesabu jumla ya dozi kwa sababu ikizidi huathiri mapafu. Sasa ana miaka 7, limebaki gamba dogo tu chini ya ngozi. Wajapani wana dawa yao nyingine ya kudunga waliyoanza kuiandika mwaka 1987, iliyotengenezwa kwa bakteria waliouawa, ila sisi hatukuiona.

Mama, huo wa mwanao ni huu huu.

#9 JiweLaKamanga

Nahodha, pole kwa hayo. Hata hivyo umesema mwenyewe kwamba wengi huonekana kabla ya miaka 2, na huyu ana zaidi ya 5. Bado nashika langu. Jipu baridi la TB nalo lina majimaji ndani.

#10 MuuguziMstaafu

Jiwe, jipu baridi halipitishi mwanga wa tochi namna hiyo, kwa kuwa usaha ni mzito, na tezi za TB huwa ngumu ngumu zimeshikana kama fundo la kamba. Lakini sikukatazi, kipimo cha TB kiitwacho GeneXpert hakimdhuru mtoto.

#11 MamaPachaIgoma

Naomba niingie, kwa kuwa naona kila mtu analeta mwanawe.

Wa kwangu ni pacha mmoja, wa kike. Alipata jipu shingoni kushoto akiwa na miaka 3, likapasuliwa katika zahanati moja, likapona. Likarudi. Likapasuliwa. Likarudi tena baada ya miezi sita, safari hii likiwa karibu na tezi ya shingo, na anapomeza anashika shingo na kulia. Hakuna aliyeuliza kwa nini jipu moja linachagua sehemu ile ile mara tatu. Ni daktari kijana aliyeketi na kusoma daftari lake lote ndiye aliyesema tusubiri wiki sita jipu lipoe kabisa, kisha anyweshwe bariamu huku anapigwa picha. Ule uji mweupe ulimshinda, ukamwagika kwenye gauni, lakini alichomeza kilitosha: kwenye picha ulionekana uzi mweupe mwembamba ukitoka kando ya koromeo kwenda chini hadi kwenye tezi. Alikuwa amezaliwa na hicho kitundu. Kila akimeza, mate na chakula viliingia humo.

Tuliambiwa ni mabaki ya nafasi ya tatu au ya nne ya yale matao aliyoyataja Muuguzi, kwamba ni nadra sana, na karibu yote hutokea kushoto. Walio wengi ni wa nafasi ya pili, ambao uvimbe wao hukaa juu zaidi, mbele ya ule msuli mkubwa unaotoka nyuma ya sikio.

Kwa hiyo Mama wa Kirumba, mtoto akipata homa na uvimbe ukawa mwekundu, usikubali mtu apasue tu na kufunga bandeji.

#12 MzeeWaMisungwi

Zamani mtoto akivimba shingo au kukohoa alikatwa kimeo, na wengi walipona. Siku hizi kila kitu mashine.

#13 SangaraWaMwaloni

Mzee, kimeo kiko ndani ya kinywa na uvimbe uko juu ya mtulinga. Ni sawa na pikipiki kuwa na pancha nyuma ukabadilisha taa ya mbele.

#14 MuuguziMstaafu

Nimewapokea watoto waliokatwa kimeo wakiwa wamelowa damu hadi kifuani, wengine baadaye na pepopunda. Mzee, naheshimu umri wako, lakini hilo usimshauri mama huyu.

#15 MwanafunziWaTiba

Shikamooni. Nimesoma tangu mwanzo, na kuna neno moja la mleta mada ambalo naona limepitwa: uvimbe unatuna anapolia au kupuliza puto, na unashuka nyuma ya mtulinga. Hilo linaongeza majina mawili ambayo hakuna aliyeyataja.

La kwanza ni mshipa mkubwa wa shingo unaorudisha damu kifuani, ambao kwa baadhi ya watoto hupanuka kila wanapojikamua. Huo hutoweka kabisa mtoto akitulia, huwa zaidi upande wa kulia, na kipimo cha ultrasaundi chenye kuonyesha mtiririko wa damu huutambua mara moja. Kwa kuwa wa mtoto huyu haupotei, nauweka nyuma.

La pili ni kifuko cha tezi ya thaimasi. Thaimasi ni tezi ya kinga iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, kubwa kwa watoto na husinyaa ukubwani. Nayo, kama ile ya Mwalimu, haianzii inapokaa: hutoka kwenye nafasi ya tatu ya koo la kijusi na kuteremka shingoni hadi kifuani. Njia yake ikibaki, huweza kuwa kifuko kirefu kinachoanzia chini ya taya na kuishia ndani ya kifua, na karibu nusu yake huungana na kifua. Hukutwa zaidi kwa wavulana, zaidi kushoto, na wengi wao kabla ya kutimiza miaka 10. Mtoto akijikamua kifua, majimaji au hewa ya kifuani hukisukuma juu, ndiyo maana kinatuna. Ni nadra kiasi kwamba madaktari wengi hukitambua tu baada ya kukitoa, maabara inapokuta vijiduara vilivyopewa jina la daktari Mwingereza Hassall.

Kama alivyoonya Muuguzi kuhusu tezi ya shingo, hapa pia ni lazima kuhakikisha thaimasi ya kifuani ipo kabla ya kukata.

Mama, naomba umtazame mtoto mbele ya masikio. Ana vitundu vidogo kama vya sindano? Zipo familia chache ambazo matundu hayo, uvimbe wa shingo, usikivu hafifu na hitilafu za figo huenda pamoja.

#16 MwalimuWaMagu

Kijana, marahaba. Mbona kila mara ni kushoto? Nahodha kushoto, Mama Pacha kushoto, huyu kushoto. Kuna sababu?

#17 MwanafunziWaTiba

Kwa uvimbe wa limfu huwa tunaambiwa ni kwa sababu mfereji mkuu wa limfu ya mwili humwagia upande wa kushoto wa shingo, hivyo hitilafu ikitokea huonekana huko. Kwa matao, wengine husema ni kwa kuwa mishipa mikubwa ya moyo haikui sawa pande zote mbili, kushoto kukabaki mabaki mengi zaidi.

#18 MuuguziMstaafu

Hayo ni maelezo ya kukisia, kijana, nami nimewaona wa kulia pia. Tusimpe mama kanuni ambayo kesho itamchanganya.

#19 DadaWaBuzuruga

Samahani, nina hofu. Nilisoma kwamba Ziwa Victoria lina saratani ya watoto inayovimbisha taya. Haiwezi kuwa hiyo?

#20 MuuguziMstaafu

Unaizungumzia limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari aliyeielezea kutoka Uganda mwaka 1958. Ni kweli ipo huku kwetu, na ni kweli hushika taya na tumbo. Lakini hiyo ni nyama ngumu, wala si maji, na hukua kwa kasi ya kutisha: mtoto unayemwona Jumatatu akiwa na jino linalotikisika, baada ya wiki mbili sura imebadilika. Uvimbe unaopitisha mwanga na kukua taratibu kwa miezi si huo. Hata hivyo mzazi akiona uvimbe mgumu unaokua kwa siku, asisubiri uzi kama huu. Apande kilimani hospitali ya Bugando siku hiyo hiyo.

#21 MamaWaKirumba

Nimerudi baada ya wiki tatu, mnisamehe kwa ukimya.

Masikio hayana vitundu. TB imepimwa, haikuonekana. CT skani imeonyesha kwamba kifuko kinapita pembeni ya mishipa mikubwa, kinaingia nyuma ya mtulinga na kuishia sehemu ya juu ya kifua. Mshipa wenyewe ni mzima, na thaimasi ya kifuani ipo mahali pake. Mwanafunzi, niliuliza kwa maneno yako na daktari akanitazama mara mbili.

Sasa naweza kutaja majina. Daktari wa kwanza alisema ni mabaki ya tao la pili, na bado anasema hivyo, ila ameongeza kwamba limeshuka kuliko kawaida. Wa pili alisema ni limfu. Baada ya picha amesema ni limfu au thaimasi, na kwamba hata akiwa na kifuko mkononi hataapa mpaka maabara iseme. Wote wawili wanakubaliana kukitoa, kwa sababu kikiambukizwa huko kifuani itakuwa kazi nyingine. Tumepangiwa Jumanne.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Jana nilimwonyesha mama mkwe kwa tochi, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba mtoto alipokuwa wa miezi miwili, kila akilia wakati wa kukandwa, pale juu ya mtulinga kushoto palikuwa pakijaa kidogo kama shavu, na yeye alikuwa akipasugua na mafuta kwa furaha. Alidhani ni unono.

#22 NahodhaWaNansio

Kama alikuwa anajaa akiwa na miezi miwili, basi ni limfu. Nilisema.

#23 MwanafunziWaTiba

Au thaimasi, Nahodha. Nayo hujaa mtoto akilia.

#24 JiweLaKamanga

Jumanne waambie wakate na kipande cha kupima TB.